Sanduku ya hewa ya motokari: musiitoshe bule

Ndugu batumikaji, bamama wa nyumba, na ninyi vijana wa kambi,

Mu ukurasa huu tumezoea kusema juu ya mushahara, kontra na magonjwa ya kazi. Leo tunasema juu ya kisanduku cha plastiki chenye kiko chini ya kapo ya motokari. Musicheke. Tangu kipwa ya mwaka jana tunaona vijana wetu banakitosha siku ya Mungu mbele ya nyumba, na turnevisi moja tu, na kisha miezi michache feza ya familia inakwisha mu garaji. Kitu chenye kinakula feza ya batumikaji ni kitu cha sendika.

Mwenzetu mumoja wa Kolwezi alitumika miaka 19 mu migodi. Siku alipata feza yake ya mwisho wa kazi, hakuikula. Alinunua motokari ya okazioni, ya kutoka Japani, ile inashukia Dar es Salaam na kuingilia Kasumbalesa. Akaiweka taxi. Ile taxi njo ilikuwa inalipa unga, nyumba, na masomo ya batoto bane. Siku moja muvulana wake akaambiwa na barafiki kama silansiye ya hewa inafunga motere pumuzi, ukiitosha motokari inapata nguvu. Akaitosha. Ile tundu yenye ilibakia akaifunga na kitambaa. Motokari ikaunguruma muzuri, kijana akafurahi, hata baba akasema kweli, leo iko na nguvu.

Kipwa ikafika. Motere ikaanza kula mafuta. Moshi ya bluu nyuma, asubuhi inakatala kuwaka. Fundi alipofungua, akakuta silinda zimekwaruzwa kama mutu alipitisha musasa ndani. Kitambaa hakikuonekana tena: motere ilikivuta. Leo ile motokari iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, na batoto babili hawakurudi ku masomo mu mwezi wa kenda.

Hatuandike hii juu ya kumucheka. Tunaandika sababu hakuna mutu alimuelezea ile sanduku inafanya kazi gani. Basi tuelezee.

Motere inapumua. Lita moja ya esansi, juu ya kuungua muzuri, inaomba karibu kilo 11 ya hewa; ni zaidi ya mita kibe 9, hewa ya kujaza chumba kidogo. Ile hewa haiingie polepole kama upepo. Inaingia kwa kukatwa-katwa, kila mara supape inafunguka na kufunga. Motere ya silinda 4 yenye inazunguka mara 3 000 kwa dakika inavuta hewa mara 100 kwa segonde moja. Ile kuvuta njo inaleta mungurumo mbele ya motokari, hata kama eshapema nyuma iko muzima.

Juu ya kuzima ile mungurumo, batengenezaji bakaweka kisanduku kando ya bomba ya hewa. Mara mingi kiko na mulango mumoja tu: hewa haipite ndani yake kwenda ku motere. Chukua chupa ya Simba yenye imeisha, upulizie juu ya mudomo wake: inalia na sauti moja tu. Sauti inafuata ukubwa wa chupa na shingo yake. Kisanduku cha motokari ni ile ile chupa, lakini kilipimwa juu ya kupiganisha sauti moja ya motere na kuizima. Mujarumani Hermann von Helmholtz njo alieleza ile akili mu karne ya 19, kabla motokari haijazaliwa.

Sasa muone: kama hewa haipite ndani ya kisanduku, kinaweza kufunga motere pumuzi namna gani? Haiwezi. Ukikitosha, makelele inarudi, na masikio inazani ni nguvu. Masikio inasikia nguvu, lakini mulima haisikie. Pandisha na bantu batano ndani, utaona ni ile ile motokari ya jana.

Ni kweli, kuko motokari zenye bomba yao ya kuingiza hewa inabana kidogo wakati motere inazunguka mbio sana. Bantu ba mashindano banabadilisha bomba yote, na bapimaji bao na mashine yao. Lakini taxi ya Likasi haikimbie mashindano. Inaenda polepole mu mashimo, nyuma ya kamio ya minere.

Na kuko sababu ingine yenye bengi hawaijue. Kolwezi iko karibu mita 1 400 juu ya bahari, Lubumbashi karibu 1 200. Huku juu hewa iko nyepesi. Motere yenye haina turbo inapoteza karibu sehemu moja juu ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1 000 ya kupanda. Ile nguvu munayotafuta, kisanduku hakikuiiba. Ni inchi yetu iko juu. Hakuna turnevisi yenye itaishusha.

Hatari yenyewe iko wapi? Inategemea kisanduku kiko mbele ao nyuma ya filtri.

Kama kiko mbele ya filtri, ukikitosha, hewa itapita bado mu filtri. Hasara iko mingine: motere itaanza kuvuta hewa ya moto ya chini ya kapo, na hewa ya moto iko nyepesi, kwa hiyo nguvu inapunguka kuliko kuongezeka. Tena, bengine wanatosha na ile pua ya bomba yenye batengenezaji waliiweka juu, na wanaacha mudomo chini. Wakati wa mvua, ukiingia mu dimbwi moja ya nguvu, motere inakunywa maji. Maji haikubali kubanwa kama hewa. Biele inapinda, na motere imekufa siku ile ile.

Kama kiko nyuma ya filtri, pale njo kifo. Tundu yoyote katikati ya filtri na motere inaingiza mavumbi bila kuchujwa. Na mavumbi yetu siyo unga. Ndani yake muko kwarsi, jiwe yenye iko nguvu kuliko chuma ya silinda. Inaingia katikati ya pistoni na silinda, na kila kuzunguka inakwaruza. Tena mu motokari za sasa kuko kipimo cha hewa karibu na sanduku ya filtri. Hewa yenye inaingilia mu tundu, kile kipimo hakiione. Motere inakosea kipimo cha esansi, na taa yake inawaka ku tableau. Vijana wanatosha taa. Ni kama mugonjwa mwenye anavunja termometre.

Basi tufanye nini? Kama ulikwisha kutosha kisanduku, kirudishe. Kama kilipotea, tafuta cha okazioni cha motokari ya namna ile ile; bei yake haifike hata kidogo bei ya motere. Wakati unatafuta, kama tundu iko nyuma ya filtri, motokari isimame. Usiweke kitambaa wala karatasi: vyote vinavutwa ndani.

Kila siku ya Mungu, motere ikiwa imezimwa na imepoa, fungula sanduku ya filtri. Pitisha kidole ndani ya bomba, upande wa kwenda ku motere. Kidole kikitoka na mavumbi, kuko pahali panavuja: angalia mupira, kolye, na pembe za filtri. Filtri ya karatasi usiisafishe na maji. Uipige polepole, ao upulizie hewa kidogo toka ndani kwenda inje. Mu kipwa, usingojee kilometre zenye kitabu cha motokari kinasema. Kile kitabu hakikuandikwa juu ya barabara ya Kolwezi.

Kuko neno ya makelele pia. Mu kambi yetu, baba wa poste ya usiku analala mchana. Motokari moja yenye inaunguruma inaharibu usingizi wa nyumba kumi, na mutu mwenye hakulala anarudi kushika mashine usiku. Ku kazi tunafundishwa kama kutoka 85 desibeli kwa saa 8, masikio inaomba kinga. Tulisindikiza mwenzetu mumoja mwenye alipoteza masikio ku kazi. Swali ya kwanza aliulizwa: «Ku nyumba uko na motokari ya makelele?» Tusiwape bakubwa njia ya kukimbia deni yao.

Na sasa tunageuka kwa bakubwa ba kampani. Haya mavumbi yenye inaua motere zetu haikutoka mbinguni. Kamio zenu zinaipandisha usiku na mchana, na inaingia mu nyumba, mu sahani, mu kifua cha batoto. Ile kwarsi yenye inakwaruza silinda, njo ile ile inaleta silikozi mu mapafu ya mutu. Code du travail ya mwaka 2002 inaomba mwajiri alinde afya ya mutumikaji ku kazi. Na mutumikaji akitoka ku kazi, hana mapafu ingine ya kuvaa ku nyumba. Tunaomba barabara zinyunyiziwe maji kila siku ya kipwa, siyo siku ya wageni tu. Tunaomba maske zenye filtri mupya, zibadilishwe kwa wakati, kama vile munabadilisha filtri ya kamio zenu. Hatujaona kamio yenu hata moja ikitumwa ku kazi bila filtri.

Kwa ninyi vijana: tunajua hamutafute kuharibu. Munapenda motokari, na mikono yenu iko na akili. Muitumikishe ku kuchunga kile baba yenu alinunua na miaka yake ya chini ya udongo. Kabla ya kutosha kitu, muulize kwanza kinafanya kazi gani. Filtri ya motokari inanunuliwa. Ile ya kifua, hakuna duka inaiuzisha.

Kazi njema, na mukae muzuri.