Machicha si rahisi kama yanavyodhaniwa

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huo hunijia kila nionapo lori la machicha ya bia likishika barabara ya kwenda Njoro, maji yakichuruzika nyuma yake hadi kwenye lami. Wafugaji hulisubiri kwa mapipa na magunia, nyuso zao zimejaa bashasha, kwa kuwa bei ya kilo moja ya machicha ni ndogo mno ikilinganishwa na ya chakula cha dukani. Ni wachache wanaojiuliza: je, maji yale yanayomwagika barabarani yamelipiwa na nani?

Naomba nieleweke vyema. Sipingi hata kidogo kulisha ng'ombe mabaki ya viwandani. Mnyama huyu anayecheua amejaliwa uwezo wa kugeuza makapi tusiyoweza kula sisi wanadamu yakawa maziwa. Aidha, wakazi wa Nakuru tumebahatika. Viwanda vya kusaga ngano hutuachia pumba, vya kukamua mafuta hutuachia mashudu, molasi hutujia kutoka viwanda vya sukari vya magharibi, nayo machicha husafirishwa kutoka Ruaraka, Nairobi, mwendo wa kilomita 160 hivi. Ninachopinga ni mazoea ya kununua kwa macho badala ya kununua kwa hesabu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Katika kilo 10 za machicha mabichi, takribani kilo 8 ni maji. Kilo 2 zinazobaki ndizo chakula, na ndani yake mna kama nusu kilo ya protini. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kilo moja ya machicha imefika zizini kwa shilingi 8. Basi umelipa shilingi 80 kwa nusu kilo ya protini, yaani shilingi 160 kwa kilo. Sasa tuseme pumba za ngano zauzwa shilingi 30 kwa kilo. Kilo 10 zina chakula kikavu kilo 9, na protini kilo moja na nusu hivi. Kwa hiyo kilo moja ya protini imekugharimu shilingi 200. Hadi hapo machicha yameshinda, ingawa si kwa ushindi mkubwa kama bei ilivyotuaminisha.

Lakini machicha mabichi hayangoji. Yasipofukiwa na kushindiliwa yakazuiwa hewa, huanza kuharibika kwa muda wa siku chache. Theluthi moja ikioza, bei ya protini ile ile hupanda hadi shilingi 240, na pumba zimekuwa rahisi zaidi. Fauka ya hayo, chakula kilichoota ukungu chaweza kuwa na sumukuvu, na sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa yanayonywewa na watoto wetu. Mfugaji anayemlisha ng'ombe machicha yaliyoota ukungu kwa kuogopa hasara, huihamisha tu hasara hiyo kutoka mfukoni mwake hadi kikombeni mwa mwanawe.

Kuna funzo jingine ambalo sisi wa Nakuru hatupaswi kulisahau. Kwa miaka mingi kiwanda cha pareto kilichoko mjini kilikuwa na makapi tele, yaliyobaki baada ya dawa ya wadudu kukamuliwa katika maua, na makapi hayo yalilishwa ng'ombe. Malipo ya wakulima yalipocheleweshwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi waliing'oa pareto wakapanda mazao mengine. Maua yalipoadimika, makapi nayo yaliadimika. Mabaki hayana mkulima wake. Hufuata biashara ya mtu mwingine. Siku biashara hiyo ikiyumba, zizi lako nalo huyumba, hata kama wewe hukukosea lolote.

Mimi ni mwalimu wa somo la Kilimo, na hapa ndipo penye uchungu wangu. Wanafunzi wetu huuchora mraba wa Pearson kwa ustadi na kuchanganya vyakula vya mifugo katika karatasi ya mtihani. Siku moja nilimwuliza mmoja wao, aliyepata alama zote, mamaye hulipa kiasi gani kwa kilo moja ya protini anayomlisha ng'ombe wao. Alinyamaza. Hakuwa amewahi kudhani kwamba hesabu ile yahusiana na pipa lililoko nyuma ya nyumba yao. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu.

Walimu wenzangu, tuwatume wanafunzi nyumbani na daftari. Waandike uzito wa chakula kilichonunuliwa, nauli, kiasi kilichoharibika na maziwa yaliyokamuliwa. Nanyi wanafunzi, wasomeeni wazazi wenu hesabu hiyo kwa adabu, jioni baada ya kukamua. Huenda ikadhihirika kwamba machicha yanafaa, ama kwamba shamba dogo la nepia na lusini lina faida kubwa zaidi. Vyovyote iwavyo, nyasi za nyumbani zisiachwe zikanyauka kwa sababu lori linapita. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.