Kabla ya kununua simu janja, jiulize itafanya kazi gani

Kabla hujamkabidhi muuzaji pesa yako pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, jiulize swali ambalo yeye hatakuuliza: simu hii itanifanyia kazi gani ambayo niliyonayo haiwezi?

Nalisema hili kwa uchungu, maana naona vijana, na wazazi wao pia, wakijitwisha deni la mwaka mzima kwa kuogopa tu kuchekwa. Mtu ana kitochi kinachokaa na chaji siku kadhaa, kina tochi, redio na laini mbili, lakini kikiita mbele za watu anakipokea huku amekifunika kwa kiganja. Aibu ya nini? Huduma iliyobadilisha maisha yetu kuliko zote, ya kutumiana pesa, haikuletwa na simu janja. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka uliofuata, na watu waliipokea kwenye simu za batani. Hadi leo ukibonyeza *150*00# kwenye kitochi pesa inakwenda, umeme unanunua, bila bando.

Sisemi simu janja ni anasa. Fundi nguo ambaye wateja humtumia picha za mishono kwa WhatsApp, naye akawarudishia picha ya gauni lililokamilika, anahitaji simu hiyo kama anavyohitaji cherehani. Bodaboda anayepata abiria kwa programu hawezi kuingia barabarani bila hiyo. Hao wanunue, tena wasichelewe. Ninayemsihi asubiri ni yule ambaye ukimuuliza anaitakia nini, jibu lake linaishia kwenye “kila mtu anayo.”

Tena bei anayotajiwa dukani ni mwanzo tu. Bando la shilingi 500 kila siku ni shilingi 182,500 kwa mwaka. Na kioo nacho hupasuka. Kitochi kikianguka kinatawanyika, betri huku, mfuniko kule. Unaviokota, unaviunganisha, unaendelea na mazungumzo. Simu janja ikianguka hivyo, safari ni ya kwa fundi.

Linaloniumiza zaidi ni huu mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Tuseme simu inauzwa shilingi 250,000 taslimu. Kwa mkopo unatanguliza 50,000, kisha unalipa 1,000 kwa siku kwa mwaka mzima. Piga hesabu: 365,000 ukijumlisha na 50,000 ni 415,000. Umezidisha 165,000, na bando bado hujanunua! Muuzaji anakutajia malipo ya siku kwa sababu anajua akikutajia jumla utairudisha simu mezani. Sasa chukua 50,000 hiyo hiyo uiweke kibubuni, na kila siku uongeze ile 1,000 ambayo ungempelekea. Baada ya siku 200, hata miezi saba haijatimia, bei yote ya taslimu unayo.

Halafu simu hizi za mkopo huwekewa programu ya kuzifunga rejesho likichelewa. Mfikirie mama lishe anayepokea oda za chakula cha mchana kwa simu yake. Mvua imenyesha siku mbili, wateja hawakutoka, rejesho limempita. Asubuhi anaiwasha simu na kukuta kioo kizima kimejaa tangazo la deni. Namba za wateja zimo humo, picha za wanawe zimo humo, na hafikii hata kimoja mpaka alipe. Aliikopa impe kipato. Kipato kilipoyumba ikafungwa, na ikiwa imefungwa atapata wapi cha kuilipia? Wazazi wenzangu, msiwatie watoto wenu katika mtego huu kwa sababu tu wenzao wanazo.

Ukiwa umepima na kuridhika kwamba kazi ipo na pesa ipo, nunua ukiwa macho. Uliza toleo la Android, kwa kuwa mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zilizoishia Android 4.4, na simu kuukuu ya bei chee inaweza kuwa miongoni mwa hizo. Bonyeza *#06#, zile tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, zilingane na zilizo kwenye boksi, kisha uzitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone jina la simu litakalorudi. Tangu Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia, hakuna sababu ya mtu kuuziwa simu asiyoikagua. Weka laini yako, piga, pokea, washa kamera, chomeka chaja. Dai risiti, na uombe IMEI iandikwe humo. Yote hayo yafanyike hapo hapo kaunta, pesa ikiwa bado mfukoni mwako.