Mteja Asiyetuona Usoni

Mwezi huu tunapenda tuongee juu ya biashara ya kwenye simu. Siku hizi wengi hapa kambini tunauza kwa picha: vitenge, vikapu, sabuni, mifuko. Mteja yuko Mbarara au Kampala, hajawahi kutuona, na anaombwa atume pesa. Kwa nini atuamini? Na akituamini mara moja, tufanyeje ili arudi?

Sokoni mteja anashika kitu, anakigeuza, anabishana bei, na kesho anajua meza yako iko wapi. Kwenye simu ana picha na neno lako tu. Basi.

Tuwaambie yaliyotupata sisi wenyewe. Kikundi chetu cha vijana kinamsaidia mama mmoja mjane anayeshona mifuko ya kitenge. Yeye anashona, sisi tunapiga picha na kutafuta wateja kwa WhatsApp. Mteja mmoja wa Kampala alinunua mfuko mmoja, akaupenda, akaagiza 10 kwa ajili ya kwaya yao. Tulifurahi sana! Lakini zipu za chuma zilikuwa zimeisha, tukaweka za plastiki, na hatukumwambia. Tulisema, "Ah, hataona." Wiki haikuisha, mifuko 3 ikapasuka zipu.

Yule mteja aliandika ujumbe. Sisi tukaogopa, tukanyamaza siku 4. Kumbe hapo ndipo tulipoharibu kabisa. Tulipompigia alituambia hivi: "Zipu inaharibika, hiyo naelewa. Lakini mlininyamazia." Mama alishona mingine 3, nauli ya basi tukalipa wenyewe. Mteja alijibu neno moja, "Nimepokea." Mpaka leo hajaagiza tena. Na mama yule alikuwa anategemea kazi hiyo kwa sare za watoto wake. Kosa letu, hasara yake.

Baada ya hapo tulianza kujifunza wengine walifanyaje. Hata wakubwa walianza na shida hiyo hiyo. Soko la eBay lilianzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitaa cha leza kilichoharibika, kwa dola 14.83. Alisema wazi kwamba kimeharibika, na mnunuzi akakitaka hivyo hivyo! Mwaka 1996 akaweka mahali ambapo wanunuzi na wauzaji wanaandika sifa au malalamiko, kila mtu anasoma. Huko China, soko la Taobao lilianza mwaka 2003, na watu walikuwa wanaogopana. Njia yao ya malipo, Alipay, ikawa inashika pesa katikati. Muuzaji anapewa pale mnunuzi anaposema mzigo umefika vizuri. Na Jumia, iliyoanza Nigeria mwaka 2012, iliwaruhusu wateja kulipa mzigo ukiwa mlangoni. Mnaona? Wote walikuwa wanatafuta namna ya kuiondoa hofu ya mteja.

Sisi hatuna mitambo hiyo, lakini tuna mambo haya:

1. Piga picha ya kitu chenyewe, mchana, nje. Usichukue picha ya mtu mwingine. Kama kuna doa, lionyeshe.

2. Taja bei yote tangu mwanzo, pamoja na nauli ya mzigo. Kumbuka pia makato ya kutoa pesa kwa wakala. Hapa Uganda, tangu mwishoni mwa 2018 kuna kodi ya asilimia 0.5 kwenye kutoa: ukitoa 100,000, kodi ni 500, mbali na ada ya kampuni. Hesabu hiyo ifanye wewe mapema, siyo kumwongezea mteja baadaye.

3. Tumia laini yenye jina lako. Mteja akituma pesa na kuona jina geni, anashtuka, na ana haki. Tangu 2019 mkimbizi hapa Uganda anaweza kuandikisha laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi.

4. Kwa mteja mpya, kubalianeni nusu kwanza, nusu mzigo ukifika. Mzigo ukipakiwa, mtumie picha na saa ya basi kuondoka. Na namba ya siri usimwombe mteja, wala yako usimpe mtu yeyote.

5. Kikibadilika kitu, hata zipu, mwambie kabla ya kutuma. Akilalamika, jibu siku hiyo hiyo, hata kama huna dawa bado. "Tumeona, tunashughulikia" ni bora kuliko kimya.

6. Weka daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika mteja alinunua nini, rangi gani, lini. Akirudi, unamkumbuka, naye anajisikia mtu.

Tunafanya hivi sasa. Mwalimu mmoja wa Mbarara ameagiza mara ya 4, na safari hii alituma pesa yote kabla hatujamwomba. Siku ile mama alicheka, akatuambia tuangalie zipu mara mbili.

Zoezi la nyumbani: wazazi, kaeni na watoto jioni, mchague kitu kimoja cha nyumbani. Kila mmoja akieleze kwa mtu asiyekiona, pamoja na kasoro zake. Mtacheka, lakini mtajifunza kusema kweli.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kuweka akiba kwa vikundi. Mbaki salama, na Mungu awalinde.