Mmea si Gogo

Kuna usemi ulioenea kwamba mmea hauna habari: ukiguswa haujui, ukikatwa haujui, ukiliwa haujui. Usemi huu ni kosa, na kosa lirithiwalo bila kuulizwa hugeuka kuwa elimu ya uongo.

Itazame seli moja ya mmea. Imezungukwa na utando mwembamba, na katika utando huo imo mifereji ya protini yenye milango. Nje kalsiamu ni nyingi kupita ndani, hata kufikia mara 10,000. Tofauti hii haikuja kwa bahati. Kalsiamu ikizidi ndani hushikana na fosfeti, na bila fosfeti seli haina nguvu. Kwa hiyo milango hufungwa, na pampu huitoa ile iliyoingia. Mguso au jeraha likitokea, milango hufunguka, kalsiamu huingia kwa kasi, na protini za ndani huipokea kama mjumbe. Ndipo seli hutenda. Kama kalsiamu ingejaa ndani daima, ujumbe usingesikika: ngoma ipigwayo kutwa haimshtui mtu.

Nani hajamwona kifauongo akikunja majani yake? Mwaka 2022 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba kalsiamu hupanda kabla ya majani kuanguka, na kwamba mifereji ikizibwa kwa dawa, mwendo huo hufifia. Mwaka 2018 ilionekana katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamaa ya sukuma wiki, kwamba jani likiliwa na kiwavi, wimbi la kalsiamu husafiri kama milimita 1 kwa sekunde, na majani mengine hujitayarisha kwa vita.

Wapinzani watasema, “Mmea hauna ubongo.” Ni kweli, lakini hoja yetu si ubongo, ni habari kupokelewa na kujibiwa. Wala sisemi kwamba mmea huona uchungu kama mtu; asemaye hivyo naye amepita mpaka.

Mwanafunzi hukariri kwamba kalsiamu huimarisha kuta za seli, akapata alama yake, akaridhika. Amejua nusu. Nusu hiyo humfanya aone shamba kama ghala la vitu bubu, na mkulima aonaye hivyo hawezi kuuliza mmea wake umepatwa na nini. Vijana, msiridhike na nusu. Ulizeni mlango uko wapi, nani aufungua, na kwa nini ulikuwa umefungwa.