THULUTHI SI 0.33

Ndugu msomaji, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nimeona haba na haba ikikaribia kuvunja urafiki.

Mama yangu na wenzake wawili hununua omena Homa Bay, wakazipitisha Rongo na kuziuza kwa gorogoro hapa Migori. Faida wanagawana sawasawa. Anayeandika daftari ni mimi, kwa kuwa ati nimesoma! Siku moja faida ilikuwa shilingi 2,000. Kikokotoo kikanionyesha 666.6666667. Nikaandika 666 kwa kila mmoja. Jumla yake ni 1,998. Je, shilingi mbili zilikwenda wapi? Zilibaki kwa mama. Siku nyingine masalio yakabaki kwake tena, hadi mwenzake mmoja akaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Mama si mwizi. Mkosaji nilikuwa mimi.

Kumbe hata ile 7 ya mwisho ilitokea kwa sababu kikokotoo kiliishiwa na nafasi, kikakadiria! Gawanya kwa mkono uone: 20 kwa 3 ni 6, inabaki 2, 20 tena kwa 3 ni 6, inabaki 2. Baki ni lile lile, basi jibu halikomi. Lakini thumni, yaani 1/8, hukoma: 0.125. Kwa nini? Kwa sababu 10 imejengwa kwa 2 na 5 tu. Ukiisha kufupisha sehemu, nambari ya chini ikijengwa kwa 2 au 5 pekee, desimali hukoma. Ikiingia 3 au 7, tarakimu hujirudia milele: 1/7 ni 0.142857, kisha 142857 tena. Hakuna sehemu iliyo nje ya hayo mawili.

Wengine watasema desimali ni rahisi kulinganisha. Nakubali. Kati ya 5/8 na 7/11, ipi kubwa? Desimali hujibu upesi: 0.625 na 0.636. Lakini wenzangu wa kidato cha tatu, tuache haraka ya kubonyeza. Tubaki na sehemu mpaka mstari wa mwisho, ndipo tukadirie. Na anayekata aseme amekata.

Siku hizi masalio nayaandika wazi daftarini, na kuyajumlisha na faida ya siku inayofuata. Akina mama wanakunywa chai pamoja tena. Hapo natia nanga.