Farasi wa Moto na watoto wasiozaliwa

Sisi tunaosoma ualimu tuna sentensi tunayoipenda kuliko zote: elimu ikienea, ushirikina utakufa wenyewe. Tunaiandika kwenye mitihani, tunaitoa kwenye semina, na jioni pale kwenye vimbweta tunairudia kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Mimi naipinga, na ushahidi wangu unatoka Japani.

Najua ukitaja Japani na mambo ya ajabu, wengi mnakumbuka vile vivideo vya kutisha. Kuna Hanako, mzuka wa msichana anayekaa kwenye choo cha shule. Kuna Kuchisake-onna, mwanamke mwenye mdomo uliochanwa hadi masikioni, anayewauliza watoto njiani kama yeye ni mrembo. Huyu wa pili alizua taharuki ya kweli mwaka 1979, hadi wanafunzi wakawa wanarudi nyumbani kwa makundi. Hadithi tamu, ila hizo ni za watoto. Ninayoitaka mimi ni ya watu wazima wenye vyeti na mishahara.

Kalenda ya zamani ya Wajapani, iliyotoka China, inachanganya wanyama 12 na asili tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Mzunguko wake ni miaka 60, na ndani yake mna mwaka mmoja uitwao Hinoe-uma, yaani Farasi wa Moto. Eti mwanamke aliyezaliwa mwaka huo ana hasira kali na atamfupishia mumewe maisha. Mwanamume aliyezaliwa mwaka huohuo hana tatizo lolote (mlitegemea nini?). Imani hiyo ilifungamanishwa na Oshichi, binti wa muuza mboga wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Inasimuliwa kwamba aliwasha moto ili akutane tena na kijana aliyempenda, akahukumiwa kuchomwa moto akiwa hai mwaka 1683. Waandishi wa vitabu na wa michezo ya jukwaani waliivumisha hadithi yake, na watu wakasadiki kwamba alizaliwa 1666, mwaka wa Farasi wa Moto.

Sasa njoo 1966. Hii si Japani ya samurai. Miaka miwili nyuma Tokyo iliandaa Olimpiki, na treni ya mwendo kasi, Shinkansen, ilikuwa imeanza kazi. Karibu kila mtu mzima anajua kusoma. Mwaka 1965 walizaliwa watoto kama 1,820,000. Mwaka 1966 wakashuka hadi 1,360,000 hivi, na 1967 wakapanda tena kupita 1,930,000. Robo nzima ya watoto haikuzaliwa, bila vita, bila njaa, bila ugonjwa. Kwenye mchoro wa idadi ya watu wa Japani, mwaka ule unaonekana kama pengo la jino.

Utasema wengi waliahirisha tu. Sawa, lakini mtu aliyesoma anaahirisha mtoto kwa sababu ya farasi? Na kuna jambo linaloniuma zaidi kama mwalimu mtarajiwa. Mwaka 1906, zamu iliyotangulia, vizazi vilipungua kidogo tu. Wazazi wengine waliandikisha binti zao kwa mwaka mwingine, basi. Kufikia 1966 watu walijua kupanga uzazi, na utoaji mimba ulikuwa umeruhusiwa kisheria tangu 1948. Kumbe maarifa mapya hayakuua imani ya zamani. Yaliipa vifaa.

Na msidhani hapakuwa na mtu wa kukanusha. Inoue Enryo, mwanafalsafa aliyezaliwa 1858, alianzisha mwaka 1887 shule ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Toyo, kisha akazunguka nchi akihutubia watu kuhusu mizuka na ushirikina, hadi wakambandika jina la Daktari wa Mazimwi. Alieleza hata Kokkuri, mchezo wa kuita pepo, kwamba ni misuli ya mikono ya wachezaji inayotikisika wasijijue. Maelezo safi kabisa. Miaka ya 1970 wanafunzi wa Japani walikuwa bado wanaucheza mchezo uleule madarasani.

Kwa hiyo imani hii ilisimama juu ya nini? Mimi nadhani wazazi wengi wa 1966 hawakumwogopa farasi. Waliwaogopa wakwe. Walijua kwamba wanawake wa 1906 walipata tabu kuolewa, wakajiuliza: sisi hatuamini, je, familia itakayokuja kuposa? Kila nyumba ikapiga hesabu hiyohiyo kuhusu nyumba ya jirani. Ukimfundisha mtu kama huyo kwamba farasi hana kosa, atakujibu kwamba anajua, halafu atafanya vilevile. Hapa kwetu hesabu hiyo ina jina: watu watasemaje.

Wasichana waliozaliwa mwaka ule wamekua. Mmoja wao ni Kiko, aliyezaliwa Septemba 1966 na kuolewa mwaka 1990 na Akishino, mwana wa mfalme. Mumewe leo ndiye wa kwanza katika orodha ya kurithi kiti, na ana miaka yake zaidi ya 60.

Zamu ya Farasi wa Moto imefika tena mwaka 2026, katika nchi iliyopata watoto wasiofika 700,000 mwaka 2024. Wao hawana robo nyingine ya kupoteza.

Ndiyo maana siridhiki na andalio la somo linaloishia kwenye "imani hii si ya kweli". Mimi nikipewa darasa, nitagawa vikaratasi visivyo na majina, vyenye maswali mawili. La kwanza: wewe unaamini? La pili: unadhani wangapi humu darasani wanaamini? Tutahesabu ubaoni mbele ya wote. Nabashiri namba ya pili itaizidi ya kwanza kwa mbali, na ningependa wanafunzi waione wenyewe kabla mimi sijasema neno.