Kumbukumbu za Nyambizi na Suala la Utii



Katika maktaba ya seminari nilikosoma palikuwa na kitabu kimoja kilichochakaa, ambacho sisi vijana tulikigombania kuliko vitabu vya falsafa (Mungu atusamehe). Kiliandikwa na Herbert Werner, afisa Mjerumani wa nyambizi katika Vita Kuu ya Pili, kikatolewa mwaka 1969. Jina lake lamaanisha Majeneza ya Chuma. Wala hakutia chumvi: kati ya Wajerumani wapatao 40,000 waliokwenda vitani katika nyambizi, takriban 30,000 hawakurudi.

Kumbukumbu za namna hii zaeleza maisha ambayo mtu hangemtakia hata adui yake. Watu karibu hamsini wamebanana katika chombo chenye urefu wa mita 67, ambamo mitambo na silaha vimekwisha chukua nafasi. Kitanda kimoja ni cha watu wawili: huyu aendapo zamu, yule hulala katika joto la mwenzake. Hakuna kuoga kwa majuma mengi, mkate huota ukungu, na kati ya vyoo viwili kimoja hujazwa vyakula mwanzoni mwa safari. Manowari ya adui ipitapo juu ikidondosha mabomu, wote hunyamaza, wakihesabu milipuko.

Msomaji huwahurumia, na ni haki. Lakini naiona hatari katika huruma hiyo. Mwandishi hutuweka ndani ya chombo, nasi twawasahau walio majini. Meli iliyozamishwa huhesabiwa kwa tani, si kwa watu.

Usiku wa 13 Machi 1944, nyambizi U-852 ya nahodha Heinz Eck iliizamisha meli ya Kigiriki, Peleus, katika Atlantiki. Akihofia kwamba mabaki yaliyoelea yangewaonyesha marubani wa adui alikopita, Eck aliamuru yapigwe kwa bunduki za rashasha na maguruneti. Juu ya mabaki hayo walikuwamo watu. Miongoni mwa waliofyatua risasi alikuwamo daktari wa chombo! Waliookoka ni watatu tu. Mwezi Mei nyambizi hiyo ilishambuliwa na ndege za Waingereza, ikakwama pwani ya Somalia. Mbele ya mahakama huko Hamburg, mwaka 1945, daktari alijitetea kwamba alitii amri. Yeye, Eck na afisa mwingine walipigwa risasi.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba utii wa kipofu haumwondolei hatia atekelezaye amri ya uhalifu. Je, ndani ya jeneza lile la chuma palikuwa na nafasi ya dhamiri? Oskar Kusch, nahodha wa U-154, aliiondoa picha ya Hitler ukutani, akasikiliza redio za nje, akawaambia maafisa wake waziwazi kwamba vita haviwezi kushindwa na Ujerumani. Mmoja wao alimshtaki. Mwendesha mashtaka aliomba kifungo cha miaka kumi. Mahakama ikatoa hukumu ya kifo. Aliuawa huko Kiel tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 26. Hakuacha kitabu cha kumbukumbu.